Kamba Hushikwa na Mwenzako

Wapendwa vijana wa Kasongo na Kabambare, tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Pier Giorgio Frassati kuwa mtakatifu. Mlei huyu wa Torino, Italia, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, alipenda kupanda milima ya Alpi pamoja na rafiki zake. Tena alisomea uhandisi wa migodi, apate kuwatumikia wachimbaji.

Apandaye jabali hujifunga kamba, na mwenzake huishika. Akiteleza, hafiki bondeni. Ujasiri wake si kudharau kifo, bali kumwamini mwenzake.

Sisi tunao washukao: ndugu zetu katika mashimo ya dhahabu ya Kabambare, mara nyingi bila nguzo za kuzuia udongo. Kusema Mungu atatulinda, huku tukikataa kusimika nguzo, ni kumjaribu Mungu. Nacho kikundi cha vijana kisichojua nani ameshuka leo na nani hajarudi, hakijawa kikundi bado.

Basi tukubaliane: asishuke mtu peke yake, asishuke mtu mvua ikinyesha, na mwenye shimo adaiwe nguzo kabla ya kudai dhahabu. Sala yetu na iwe pia mkono ulioshika kamba.