Tuma na ya Kutoa

Tuseme ukweli: Friends imetuharibia marafiki.

Tamthilia hiyo ya Marekani iliisha mwaka 2004, lakini hata waliozaliwa baadaye wameimaliza kwenye simu, misimu yote 10. Matthew Perry alipofariki Oktoba 2023, watu hapa Nairobi walimlilia Chandler kama jirani. Sina shida na machozi hayo. Shida yangu ni kipimo cha urafiki tulichobaki nacho.

Angalia vile mambo yamepangwa mle. Joey na Chandler wanaishi mkabala na mlango wa Monica. Kutembeleana ni hatua chache. Nyumba ya Monica imepangishwa kwa jina la nyanyake, kodi iko chini. Pesa ziliwahi kuwakosanisha, ndiyo, lakini wakapatana na hadithi ikasonga. Hakuna anayepanda basi usiku kucha kwenda kumzika baba ya mwenzake.

Sasa twende Matete, kule Kakamega, kwenye miwa na mahindi. Jamaa uliyesoma naye shule ya msingi, siku hizi ana bodaboda, anakuandikia: "Niaje buda, nisaidie soo tano nirekebishe nduthi. Tuma na ya kutoa." Unasoma, unanyamaza. Jioni unawaambia mabeste wako wa mjini kwamba watu wa ocha ni wasumbufu, wanakutafuta tu wakiwa na shida.

Kwani rafiki hutafutwa mtu akiwa na nini? Siku mkifiwa, huyo msumbufu ndiye atachimba kaburi, abebe viti kwa pikipiki yake, apasue kuni, akeshe na mamako huku wewe bado uko njiani. Hatakutoza kitu. Mia tano yako na jasho lake ni hesabu moja, tena ya zamani kuliko M-Pesa. Beste wako wa mjini atatuma emoji ya mshumaa, kisha aulize Jumapili mnakutana wapi.

Na si kwamba hatujawahi kujiona kwenye skrini. Mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipoanza, Citizen ilituletea Papa Shirandula, bawabu aliyetoka nyumbani na suti ili mkewe asijue kazi yake. Wenzake wa getini walijua. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, tulimlilia mtu tunayemfahamu. Lakini ukitaka kusifia urafiki wako Instagram, unaweka picha ya mkahawa wa Central Perk. Geti la Papa unalionea aibu, kwa sababu pale watu wanahitajiana waziwazi.

Najua utasema kuna wanaotukamua. Wapo. Anakopa leo, anakopa kesho, na kwenu kukiwa na matanga haonekani. Huyo mkatae. Lakini hata yeye mjibu: "Buda, leo sina." Anayejibiwa hivyo mnaweza kuongea tena kesho. Anayeachiwa tiki mbili za buluu anajua umemdharau, na kule nyumbani habari hiyo haikai na mtu mmoja.

Kwa hivyo ifungue ile meseji ya Matete. Kama huna, sema huna. Kama unayo, tuma, na ya kutoa.