Sori Si Samahani

Karatasi ambayo chama chetu huwapa wanachama wapya mwanzoni mwa mwaka wa masomo ina ukurasa wenye kichwa "Makosa ya Kiingereza cha Nyumbani". Mengi yaliyomo hatuna ugomvi nayo. Lakini nambari 4 inatukataza kusema "sorry" kama hatujamkosea mtu. Sisi tunaoandika makala haya, wote wakazi wa Wetherill Park na wote tumelelewa katika nyumba zinazosema Kiswahili, tunaomba mstari huo ufutwe kabla karatasi haijachapishwa tena.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa faida ya wenzetu waliojifunzia Kiswahili darasani. Nyumbani kwetu mtu akijikwaa kwenye zulia ataambiwa "sori". Akimwaga chai, sori. Akirudi kazini saa nane usiku macho yamemvimba, sori tena, na hiyo ni ya kuvuta: "Soriii, mwanangu." Aliyesema hakulitandika zulia vibaya wala hakumpangia mwenzake zamu ya usiku. Anachosema ni pole. Jirani mzaliwa wa hapa akiambiwa hivyo hushangaa, kisha hujibu kwa upole kwamba si kosa lako. Kwake neno limefika likiwa samahani.

Kiswahili kimegawa kazi hii kati ya maneno mawili. Samahani, tuliyoipata kwa Waarabu, ni ya aliyekosa, anaomba asamehewe. Pole ni ya anayeona mwenzake ana uzito fulani, na haihitaji mkosaji. Ndiyo maana tunasema pole na kazi, pole na safari, pole kwa msiba, hata poleni na joto, na kwa joto la Januari la magharibi mwa Sydney pole hiyo huwa ya haki kabisa. Anayeambiwa hujibu "asante", au "nishapoa". Jaribu kumjibu "nishapoa" mtu aliyekuambia samahani uone atakavyokutazama.

Kiingereza kimeibebesha "sorry" mizigo yote miwili, kisha kinaitofautisha kwa mkia. Ikisimama peke yake, hasa mtu anapoumia mbele yako, wengi huisikia kama samahani. Ikifuatwa na maneno ya kwamba umesikia habari mbaya, au umeguswa na msiba wa mtu, inakuwa pole. Wazazi wetu walilichukua neno bila mkia. Wala si wao peke yao. Wakenya na Waganda husema hivyo, na Waghana na Wanigeria pia, kwa sababu lugha zao za nyumbani nazo zilikuwa na neno lililokosa mwenzake katika Kiingereza. Warundi wana "ihangane". Wayoruba wana "pẹlẹ". (Pẹlẹ na pole! Tusikimbilie kudai udugu. Tumeshaonywa darasani kuhusu maneno yanayofanana.)

Kama ingekuwa ni kushangaana tu na majirani, tusingeandika. Wetherill Park ni mtaa wa viwanda na maghala. Malori huanza kupita kabla ya alfajiri, na sehemu kubwa ya watu wazima tunaowajua, kutoka Bukavu, Uvira, Kigoma au Mombasa, hufanya kazi humo wakiwa pamoja na Wairaki, Wavietnamu na watu wa visiwa vya Pasifiki. Mama wa mmoja wetu hupanga mizigo katika ghala mojawapo. Usiku mmoja mwenzake alibanwa kidole kati ya paleti mbili. Mama alikuwa ng'ambo ya pili ya njia ya forklifti. Alimkimbilia, akamshika mkono, akawa anamwambia sori, sori, kaka yangu, mpaka mtu wa huduma ya kwanza alipofika. Msimamizi akajaza fomu ya ajali. Katika nafasi ya maelezo ya mashahidi aliandika kwamba mama huyo aliomba radhi kwa majeruhi.

Wiki mbili baadaye aliitwa kwenye kikao kueleza alifanya nini kilichomfanya aombe radhi. Alieleza. Walimwuliza tena, polepole zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio yake. Mwishowe aliyemwokoa ni majeruhi mwenyewe, Mwiraki, aliyesema kwamba mama huyu hakuwa karibu na paleti na kwamba yeye alimwelewa vizuri tangu mwanzo. Fomu ikarekebishwa. Hakuna aliyefukuzwa kazi, na pengine msimamizi amekwisha kusahau. Mama hajasahau. Juzi alimwambia mwanawe: "Siku hizi mtu akiumia nanyamaza."

Hilo ndilo linalotusumbua. Mtu aliyelelewa kwamba kupita kimya mbele ya aliyeumia ni ukosefu wa adabu amejifunza, akiwa na miaka hamsini na kitu, kunyamaza. Na kwenye karatasi yetu sisi, chama cha Kiswahili, anahesabiwa kwamba hatimaye amesahihisha kosa.

Wanaotetea nambari 4 watasema kisa hiki kinawaunga mkono wao: laiti angejua mkia, yasingemkuta. Hapo wana hoja, nasi hatuifichi. Tumewafundisha wazazi wetu mkia huo, na tumewaambia kwamba kuuliza "uko salama?" hakuna atakayekuandika vibaya kwenye fomu. Lakini kumwonya mtu kwamba mlango ni mfupi ni jambo moja, na kumwambia kwamba yeye ni mrefu kupita kiasi ni jingine. Orodha yetu haisemi "angalieni, hapa neno hili linasikika hivi". Inasema ni kosa.

Tulipolifuatilia neno lenyewe tulikuta jambo la kuchekesha. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", na maana yake ilikuwa mtu mwenye maumivu, mwenye moyo uliojeruhiwa. Ni ndugu wa "sore", neno ambalo hadi leo ni la kidonda na maumivu. Matumizi ya kuomba radhi yalikuja baadaye, yakakua, yakalikalia neno kama mpangaji anayejiona mwenye nyumba. Kwa hiyo mama wa ghalani yuko karibu zaidi na asili ya neno kuliko msimamizi wake. Hatusemi kwamba asili ndiyo sahihi. Tukishika njia hiyo itabidi tukasirike kila mhadhiri anapotuandikia "nice" pembeni mwa insha, kwani neno hilo lilitoka kwenye Kilatini cha asiyejua kitu, na Waingereza walilitumia kwanza kumaanisha mjinga. Tunachosema ni kwamba maneno ya Kiingereza yamekuwa yakihama tangu zamani, na wanaoyahamisha ni wasemaji wa kawaida wenye haja zao.

Hapa Sydney kwenyewe yamehamishwa sana. Nairobi hoteli ni mahali pa chapati na maharage. Hapa neno hilo limebandikwa juu ya baa ambazo nyingine hazina hata kitanda kimoja, kwa sababu zamani sheria za vileo zilimtaka mwenye baa awe na vyumba vya wageni. Vyumba vimekwenda, jina limebaki. Ukialikwa kwenye sherehe ukaambiwa ulete sahani, wanamaanisha chakula juu ya sahani, na wahamiaji wa kila kizazi wana hadithi ya mtu aliyefika na sahani tupu. Tanzania nako kibao cha barabarani kilichoamuru madereva washike kushoto kimezaa kipilefti, na sasa kipilefti ni mzunguko wenyewe, wenye maua na sanamu katikati. Hatujaona karatasi inayowaambia Waaustralia kwamba "hotel" yao ni kosa. Kwao inaitwa rangi ya nchi, inaingizwa kwenye kamusi. Neno likihamishwa na mama wa Uvira linaingizwa kwenye orodha ya makosa.

Na kati ya nchi zote, Australia ndiyo isiyopaswa kudai kwamba maana ya "sorry" iko wazi. Nchi hii iligombana juu ya neno hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1997 ilitolewa ripoti kuhusu watoto wa wenyeji wa asili walioondolewa kwa wazazi wao, nayo ilipendekeza serikali iombe radhi. Waziri Mkuu John Howard alikataa. Mwaka 1999 alipeleka bungeni hoja ya kueleza majuto, bila kuomba radhi. Sehemu ya mabishano ilihusu hasa jambo tunaloliandikia hapa: je, kutamka neno hilo ni kukiri hatia na kujifungulia madai ya fidia, au ni kusimama na aliyeumia? Kevin Rudd alilitamka bungeni tarehe 13 Februari 2008, watu wakalia hadharani. Wengi wetu tulikuwa tumezaliwa tu, au tulikuwa bado kambini Nyarugusu na wazazi wetu, lakini shuleni hapa tumefundishwa siku hiyo kila mwaka. Hatukufundishwa kwamba wenyeji wa asili wenyewe wana "sorry business", yaani shughuli za msiba: siku za kuomboleza, za jamaa kukusanyika kutoka mbali, ambapo katika jamii nyingi hata jina la marehemu halitajwi. Humo neno halina mkosaji. Ni matanga. Mama zetu wangelielewa bila mkalimani.

Hata sheria imeshasogea. Sheria ya jimbo la New South Wales ya mwaka 2002 kuhusu dhima ya madhara inatambua kwamba mtu anaweza kutoa maneno ya huruma au majuto, na inasema maneno hayo hayahesabiwi kuwa ni kukiri kosa. Ni sheria ya madai mahakamani, haikufika kwenye fomu ya ghala letu. Ila inafurahisha kuona kwamba wanasheria, watu wasiosifika kwa upole, waliwahi kufika mahali ambapo chama cha Kiswahili bado hakijafika.

Sasa kuna upande wa pili, na hapa tunajua tutawaudhi baadhi ya walioanza kutushangilia. Katika nyumba zetu pole nayo imeanza kuhama. Wadogo zetu waliozaliwa hapa wamejifunza kwamba pole ni "sorry", basi wanaitumia kwa kila "sorry". Mtoto wa miaka saba anamkanyaga bibi yake mguu na kusema, "Pole, bibi!" kisha anakimbilia uwanjani. Bibi anabaki ameduwaa. Amekanyagwa, halafu aliyemkanyaga anampa pole kama mpita njia! Bibi mmoja wa huku Bossley Park husema, akicheka lakini si sana, kwamba wajukuu zake wamekuwa watu wa kuhani misiba waliyoisababisha wenyewe.

Je, kwa kuwa tumeitetea sori, tuitetee na hii? Tulibishana jioni nzima, na hatukukubaliana wote. Msimamo wa walio wengi kati yetu ni huu. Wazazi wetu walipoitia "sorry" maana ya pole hawakupoteza kitu. Samahani na pole zao zilibaki mahali pake, na wakapata neno la kutumia ghalani. Mdogo anapoitia pole maana ya samahani, samahani inakufa. Haitumii tena, kwa sababu haihitaji. Ikifa, anakuwa na neno moja la kazi mbili kama jirani yake, na ule uwezo wa kumwambia mtu "naona umeumia" bila kugusa swali la nani kakosa unaanza kumponyoka. Katika lugha yenye wasemaji mamilioni jambo hilo lingechukua vizazi. Kwetu, lugha inaishi kati ya meza ya jikoni na mazoezi ya kwaya ya Jumamosi, linaweza kuisha ndani ya familia moja. Mwenzetu mmoja bado anasema huu ni unafiki, kwamba tunakubali mabadiliko yanayotupendeza tu. Tumemwomba aandike jibu lake kwa toleo lijalo.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Nambari 4 itoke kwenye ukurasa wa makosa. Badala yake paandikwe aya fupi, kwa Kiswahili, inayoeleza pole, samahani na "sorry" zinavyokutana na zinavyopishana, na inayomwonya anayekwenda kazini kwamba neno lake linaweza kuandikwa vingine. Aya hiyo tumeshaiandika. Iko kwa katibu. Kwa wahadhiri tuna ombi moja. Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita, waliotafsiri "pole na safari" kwa "sorry" walikatwa alama, na walioiacha bila kuitafsiri nao walikatwa. Tungependa kuliona darasani jibu ambalo lingepata alama zote.