Mama, mwili si daftari la dukani: kujinyima chakula hakutakupunguza unavyodhani

Hii ni sehemu ya sita ya mfululizo wetu wa lishe baada ya kujifungua, na leo nataka tubishane kidogo. Ni ndefu, soma taratibu, ukichoka pumzika halafu urudi.

Hapa Puge swali linalonifuata kuliko yote, kliniki na hata sokoni, ni hili: "Nesi, nifanyeje nipungue haraka?" Na nikimuuliza muulizaji anakula nini kwa sasa, jibu linanitia hofu kuliko swali. Asubuhi chai ya rangi. Mchana hakuna kitu. Jioni embe moja, au maji ya vuguvugu na limao. Na mgongoni amebeba mtoto wa miezi mitatu anayenyonya. Kisa? Mwezi ujao kuna harusi na gauni linabana.

Hoja yangu ni moja. Kujinyima chakula kupita kiasi kunakudhoofisha kwanza, halafu kilo zinarudi. Unalipa mara mbili.

Sisemi unene hauna shida. Unayo, na tunaiona kwenye presha na kisukari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Ule wa 2015/16 ukakuta 28. Lakini utafiti huo huo wa 2015/16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Soma tena namba hizo mbili. Maana yake mama anaweza kuwa mnene na bado mwili wake una njaa ya madini na vitamini. Huyo ukimwambia "acha kula", umemtibu nini?

IMANI YA KWANZA: "Nikipunguza chakula, kilo zitashuka kila wiki mpaka nifike ninapotaka"

Hesabu yake inasema hivi: nusu kilo ya mafuta ya mwili ni kama kalori 3,500, kwa hiyo ukipunguza kalori 500 kila siku, kila wiki nusu kilo inaondoka. Tamu, eh? Basi tuifuate mpaka mwisho. Mwanamke wa kilo 70 akiendelea hivyo angeisha kabisa duniani kabla ya miaka mitatu! Tunajua haiendi hivyo. Kalori si uongo, na ni kweli hupungui bila mwili kutumia zaidi ya unachokula. Ila hesabu inasahau kwamba mwili nao unajipanga.

Sisi wa huku tunaelewa jambo hili kuliko wengi. Mwezi wa sita, mavuno yameingia na kihenge kimejaa, nyumba inapika bila kupima. Ikifika Januari na Februari, mahindi bado yako shambani na kihenge kinatoa mwangwi, mama anafanya nini? Anapima unga, anatoa michembe aliyoikausha, milo inapungua. Mwenye akili hatumii Februari kama alivyotumia Juni. Mwili wako una akili hiyo hiyo. Ukiunyima, unadhani ni Februari. Unapunguza joto, unapunguza nguvu, unakufanya mvivu wa kuinuka, na njaa inapanda. Haujui kwamba unasubiri harusi.

Hili limepimwa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya waliojitolea, akawapa karibu nusu ya chakula walichozoea kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini walisikia baridi muda wote, walikosa nguvu, wakawa na hasira na huzuni, na mawazo yao yote yakawa chakula tu. Walipofunguliwa kula, wengi walikula bila kushiba, na mafuta ya mwili yalirudi haraka kuliko misuli. Na wale walikuwa wakipewa kalori karibu 1,600 kwa siku. Linganisha na hizo ratiba za kalori 800 mnazotumiana kwenye simu.

Utafiti mwingine wa Marekani ulitoka mwaka 2016. Watu 14 waliokuwa wamepunguza kilo nyingi sana kwenye shindano la televisheni walipimwa tena miaka sita baadaye. Kumi na tatu walikuwa wameongezeka tena. Na miili yao ilikuwa bado inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita, na mwili bado unabana matumizi.

"Mbona mwenzangu kashusha kilo tatu wiki moja?" Sehemu kubwa ni maji. Mwili hutunza akiba yake ya wanga pamoja na maji, akiba ikiisha maji nayo yanatoka. Zile chai za kupunguza tumbo nazo, nyingi zina sanamaki. Zinakuharisha. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mafuta yako palepale.

IMANI YA PILI: "Mimi natoka jasho shambani kutwa, lazima nipungue"

Wenzetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania, wanachimba mizizi, wanawinda, wanarina asali. Wanawake wao hutembea karibu kilomita 6 kwa siku, wanaume karibu 11. Herman Pontzer na wenzake waliwapima na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Ukizingatia ukubwa wa miili, jumla ya nguvu wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa mijini wa nchi tajiri wanaokaa ofisini! Inaonekana mwili ukitumia sana huku, unabana kule.

Je, uache kutembea? Hapana. Mazoezi yanasaidia moyo, sukari, usingizi na kuondoa mawazo. Nayapenda na nitaendelea kuyasema. Ila usijilaumu ukiona umelima msimu mzima na mzani uko palepale. Wewe si mvivu.

IMANI YA TATU: "Adui ni ugali"

Hii inanichekesha. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo na mzigo wa karibu kilo 30 begani walipewa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo. Nafaka ndiyo iliyojenga nguvu za nchi hii. Ni kweli huna mzigo wa mpagazi, kwa hiyo huhitaji bonge la mpagazi. Lakini kuliondoa kabisa halafu ukashindia soda na maandazi ni kujidanganya.

Chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko 8 vya chai, na haikushibishi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, karibu sawa na gramu 100 za ugali. Sasa kumbuka mkono wako unavyomimina kwenye mchicha. Watu wengi wanapigana na ugali wa saa saba mchana, huku chipsi, soda na chai ya sukari vijiko vinne vinapita bila kuulizwa.

Na kuna lingine wanalojua wanaopika. Unashinda njaa, halafu saa mbili usiku unamalizia uji wa mtoto, ukoko wa sufuria, na mkate aliobakiza baba. Hukupanga kula, lakini umekula, tena haraka na kwa uchungu. Halafu unalala ukijilaumu kwamba huna msimamo. Dada, huna tatizo la msimamo. Una njaa ya tangu asubuhi.

KWA MAMA ANAYENYONYESHA, HAPA SIBEMBELEZI

Kutengeneza maziwa kunahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku. Hiyo ni kama kikombe cha maharage yaliyoiva pamoja na ugali wa gramu 200 hivi. Usipokula, maziwa kwa kawaida yataendelea kutoka, na hapo ndipo wengi wanadanganyika: "mbona mtoto ananyonya vizuri?" Anachukua kwenye akiba yako. Wewe ndiye unayebaki na kizunguzungu na damu pungufu. Na vitamini kama A na B12 zikikosekana kwa mama, hupungua na kwenye maziwa. Miezi sita ya mwanzo mtoto hana chakula kingine. Sahani yako ndiyo sahani yake.

Mjamzito ndiyo kabisa: huu si wakati wa kupunguza mwili. Na kama una kisukari au unatumia dawa, usianze kujinyima au kufunga kabla ya kuongea na mhudumu wako wa afya. Ukipungua bila kutaka, kikohozi hakiishi, jasho la usiku, au kiu na kukojoa sana, usishangilie. Njoo upimwe.

SASA TUFANYE NINI?

Kula milo yako mitatu. Anza na mboga na maharage, choroko, kunde, dagaa, yai au maziwa ya mgando, kisha ugali wa ukubwa wa ngumi yako au moja na nusu. Dona ukiweza, inashibisha zaidi ya sembe. Kama unanyonyesha, ongeza.

Pima mafuta kwa kijiko, usimimine. Soda iwe ya sherehe. Sukari kwenye chai ipunguze kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Viazi vilivyochemshwa badala ya maandazi ya kila asubuhi. Tembea, na lala unapoweza, maana usingizi ukikosekana njaa inaongezeka.

Na shusha lengo. Mwenye kilo 80 akipungua kilo 4 tu na kuzishikilia, presha na sukari huanza kunufaika. Kilo 4 kwa miezi kadhaa hazitangazwi na mtu, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Akina baba mnaosoma simu ya mama watoto, nanyi mna kazi. Acheni utani wa "umekuwa gunia". Mwili huo umebeba mtoto wenu miezi tisa. Mkitaka kumsaidia, mleteeni mboga na dagaa, na mshikeni mtoto nusu saa mama akae ale akiwa ametulia.

Kwa yule mwenye harusi mwezi ujao: mpelekee fundi gauni aliachie mshono. Ni rahisi kuliko kurudisha damu.

Sehemu ya saba tutaongea kuhusu uji wa mtoto anayefikisha miezi sita: uzito wake, na unachotakiwa kuongeza ndani. Maswali niachieni hapa chini, nitajibu nikitoka zamu.