Taa nyekundu usoni: aulizwe kwanza mwenye uso

Wadau, siku hizi ukifungua simu hukosi kumwona dada kavaa barakoa inayowaka taa nyekundu. Wanaiita tiba ya mwanga mwekundu. Inaondoa chunusi, inanyoosha mikunjo, uso unarudi ujana. Na kwa kuwa mzigo unatumwa kwa basi, hata sisi wa huku Murungu, Kibondo na Kasulu tunafikiwa.

Mimi sisemi ni utapeli. Taa hizo, nyingi za nanomita 630 hadi 660, hazina ile miale ya jua inayobabua ngozi, na zipo tafiti zinazoonyesha zinasaidia kiasi. Ninacholalamikia ni kwamba mnunuzi anaulizwa pesa tu. Haulizwi ngozi yake, macho yake wala dawa anazomeza.

Tuanze na ngozi. Mwaka 2020 Jared Jagdeo na wenzake wa Marekani walichapisha majaribio ya usalama wa taa hizi. Kwa Wazungu waliona kiwango salama kinafika jouli 480 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa wenye ngozi ya rangi kiliishia 320. Ukizidisha hapo unakaribisha malengelenge. Barakoa za nyumbani hutoa kiasi kidogo sana kuliko hicho kwa mara moja, kwa hiyo msikimbie. Ila yule anayesema "kaa nayo hata saa nzima, mwanga hauna madhara" anawadanganya. Fuateni dakika zilizoandikwa, na mkianza, anzeni na pungufu ya hizo. Na aliyechubua uso kwa mkorogo aache kabisa mpaka ngozi ipone.

Macho sasa. Mwaka 2019 kampuni ya Neutrogena iliondoa sokoni barakoa yake ya chunusi yenye taa nyekundu na bluu, kwa hofu ya kudhuru macho ya watu wachache: wenye magonjwa fulani ya retina, wenye ualbino wa macho, na wanaotumia dawa zinazoongeza makali ya mwanga machoni.

Hapo ndipo mimi mtu wa Kigoma nasimama. Sisi tuna Kabanga, pale Kasulu, ambako watoto wengi wenye ualbino walipelekwa kupata ulinzi baada ya mauaji ya miaka ya 2007 na 2008. Wale watoto wamekua. Ni dada na kaka, nao wanapenda kupendeza kama wengine. Muuza barakoa asiyejua kwamba jicho lenye ualbino halina kinga ya kutosha dhidi ya mwanga, atawauzia huku anacheka.

Dawa pia. Doxycycline tunaimeza huku kama karanga, nayo ni mojawapo ya zile zinazofanya ngozi isivumilie mwanga. Ukiwa kwenye dozi, muulize daktari au mfamasia kwanza.

Rai yangu ni hii. Mwenye saluni avae na amvalishe mteja miwani ya kuzuia mwanga, na aulize maswali hayo matatu kabla ya kuwasha. Mnunuzi aulize kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, maana vifaa tiba viko chini yao. Akijibiwa kwa hasira, aondoke.

Na tusisahau ukubwa wa mambo. Mwanga unaoua watu wenye ualbino ni wa jua, kwa saratani ya ngozi. Huko Moshi wanatengeneza losheni ya kuwakinga, Kilisun. Kabla hatujasifia barakoa imefika Murungu, tudai losheni hiyo na kofia pana zisikosekane kwenye zahanati zetu. Uso wa kupendeza unaanza na uso uliopona.

Naomba kutoa hoja.