Swali la Kijana wa Kuwana

Mnamo Novemba mwaka 2023, nikiwa nimesimama katika foleni ndefu mjini Kuwana, mkoa wa Mie nchini Japani, kijana mmoja wa shule ya upili aliniuliza swali ambalo mtu mwenye shahada ya uzamifu katika isimu hapaswi kushindwa nalo. Nilishindwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiligeuzageuza swali lile kichwani, na leo naomba ruhusa ya wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wa Kiswahili, niliweke hadharani.

Awali ya yote sharti nikiri jambo ambalo wenzangu chuoni wamelijua kwa muda mrefu na kulicheka. Mimi ni mpenzi wa bustani za burudani. Sisemi bustani za maua na viti vya kupumzikia. Nasema zile zenye mitambo ya kumrusha binadamu hewani, kumpindua miguu juu kichwa chini, kisha kumrejesha alikotoka akiwa mzima na akitetemeka. Mfalme wa mitambo hiyo ni ule msafara wa vigari ambao aghalabu hukokotwa kwa mnyororo hadi kilele cha reli, ukaachiliwa uporomoke. Kutoka hapo hauna injini inayousukuma. Kazi yote hufanywa na mvutano wa dunia. Waingereza huuita rolakosta, nasi tumekuwa tukilitumia jina lao bila kujisumbua kutafuta jingine.

Nilifika Japani kwa mara ya kwanza mwaka 2014, pamoja na wahadhiri wenzangu watatu, baada ya kongamano. Niliwashawishi twende Nagashima Spa Land, bustani iliyoko huko Kuwana, safari ya basi kutoka Nagoya. Wawili kati yao waliishia kwenye benchi wakinishikia mkoba. Siku ile niliona mengi na kusikia machache mno, kwa kuwa sikujua Kijapani, na masikio yangu yalikuwa yamejaa mabishano yetu wenyewe kuhusu chakula na nauli. Mwaka 2023 nilirudi peke yangu, kwa fedha zangu na likizo yangu, baada ya miaka kadhaa ya kujifunza Kijapani nyakati za jioni. Ndugu zangu walinishangaa. Mtu mzima na akili zake avuke bahari kwenda kupanda bembea, tena bila hata mtoto wa kusingizia? Sikuwa na jibu la kuwaridhisha, nikafunga mkoba wangu nikaenda.

Upweke huo ulinifaa kuliko nilivyotarajia. Kwanza, Wajapani wana jina lake. Mteja aingiapo mkahawani bila mwenzi huitwa ohitorisama. Hitori ni mtu mmoja peke yake. O ya mwanzo na sama ya mwisho ni viambishi vya heshima. Ni kana kwamba mhudumu wa hoteli ya Mombasa akuambie, "Karibu, mheshimiwa uliye peke yako." Mara ya kwanza niliposikia nilitabasamu, mara ya tatu nikaanza kuketi wima. Pili, katika bustani zenyewe, vigari vinapoanza kuondoka, wahudumu huwapungia abiria mikono wakisema itterasshai. Neno hilo Mjapani humwambia mtu wa nyumbani kwake anayetoka asubuhi kwenda kazini au shuleni; maana yake ni nenda urudi. Vigari vinaporejea, wahudumu wale wale husema okaerinasai, yaani karibu tena nyumbani. Mwaka 2014 niliyasikia maneno hayo kama kelele za mashine. Safari hii nilikuwa mtu mzima niliyefungwa mkanda kitini, nikielekea angani, nami naagwa kama mtoto anayekwenda shule. Nakiri kwamba koo lilinikaba kidogo.

Lakini yaliyonishughulisha zaidi ni majina ya mitambo. Chini ya mlima Fuji, katika mji wa Fujiyoshida, kuna bustani iitwayo Fuji-Q Highland. Msomaji mwenye kupenda lugha angeweza kukaa huko siku nzima bila kupanda chochote. Upo mtambo uitwao Eejanaika, uliofunguliwa mwaka 2006, ambao viti vyake huzunguka vyenyewe huku vigari vikienda mbio. Jina hilo laweza kufasiriwa "je, si vyema?" Ndilo lililokuwa kiitikio cha makundi ya watu waliojaa barabarani wakicheza mwaka 1867, serikali ya kishoguni ilipokuwa ikiporomoka. Aliyeutia mtambo jina hilo amemkumbusha kila abiria kwamba babu zake nao waliwahi kupinduliwa kichwa chini.

Upo pia Takabisha, wa mwaka 2011, ambao reli yake haiporomoki wima tu bali hupinda kuelekea ndani hadi pembe ya digrii 121. Takabisha ni neno lililotoka katika shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji. Hisha, yaani gari lirukalo, ni kete yenye nguvu. Ikisogezwa juu mapema kumtishia mpinzani, huo ndio mtindo wa takabisha. Katika usemi wa kila siku neno hilo humtaja mtu mwenye majivuno na ubabe. Gari, kuruka, kimo, ubabe: yote manne yamo katika jina moja, na hakuna hata moja lililoazimwa Uingereza.

Kando ya hiyo miwili kuna Fujiyama, wenye kimo cha mita 79, ambao ulipofunguliwa mwaka 1996 ulikuwa mrefu kwenda juu kuliko yote ya aina yake duniani. Hapa mwanaisimu hawezi kuzuia kicheko. Wajapani wenyewe huuita mlima wao Fujisan. Fujiyama ni makosa ya wageni waliosoma alama ya "mlima" kwa matamshi yasiyofaa mahali hapo. Wenye bustani wakaliokota kosa la wageni, wakaliandika kwa herufi za Kirumi na kuligeuza biashara. Sisi tunaoishi katika nchi ambayo jina lake lilitokana na jinsi Krapf alivyoliandika jina la mlima alilolisikia kwa Wakamba mwaka 1849 hatuna haki ya kucheka sana.

Sasa nirudi Kuwana. Mwaka 2014 nilikuwa nimepanda huko mtambo wa mbao ulioitwa White Cyclone, ambao Wajapani waliutamka Howaito Saikuron. Ulifungwa mwaka 2018. Niliporudi niliukuta umefufuliwa: sehemu ya mbao za zamani imebaki, reli mpya za chuma zimewekwa juu yake, kimo ni mita 55, na jina limebadilika. Tangu mwaka 2019 unaitwa Hakugei, yaani nyangumi mweupe. Hilo pia ndilo jina la Kijapani la riwaya ya Herman Melville ya mwaka 1851 kuhusu nahodha na nyangumi wake. Jina la Kiingereza lilikuwa limeondoka pamoja na reli za zamani, na mahali pake limekuja neno ambalo mtoto wa Kijapani analielewa bila kufafanuliwa.

Nikiwa katika foleni ya Hakugei nililieleza jambo hilo kwa sauti, nadhani kwa kujisahau, na kijana aliyekuwa mbele yangu akageuka. Alikuwa katika kundi la wanafunzi saba. Vigari hukalisha watu wawili wawili, kwa hiyo hakuwa na mwenzi. Aliniuliza kama niko peke yangu na ninatoka wapi. Nilipomwambia Kenya, uso wake ulichangamka. "Mottainai!" akasema. Mwalimu wake alikuwa amewafundisha habari za Profesa Wangari Maathai, ambaye alilisikia neno hilo alipozuru Japani mwaka 2005 akaanza kulieneza ulimwenguni. Mottainai ni lile sikitiko la kuona kitu chenye thamani kikipotezwa bure. Basi nilisimama pale nikiwa mrithi wa Mkenya aliyelipeleka neno la Wajapani kwa mataifa. Kijana alipojua mimi ni mwalimu wa lugha, akaninyoshea kidole mtambo ulio mbele yetu. "Sensei," akasema, "kwa Kiswahili, jettokoosutaa huitwaje?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Alitazama reli kwa muda, nadhani akinihurumia. Kisha zamu yetu ikafika, tukaketi pamoja, tukaagwa kwa itterasshai, na kwa dakika chache sote wawili hatukuwa na lugha ila mayowe.

Jibu langu halikuwa la kweli, na ndilo lililonileta katika safu hii. Hilo jettokoosutaa lenyewe lina historia inayofundisha. Katika mtaa wa Asakusa jijini Tokyo ipo bustani iitwayo Hanayashiki, iliyoanza kama bustani ya maua mwaka 1853. Mwaka 1953 ilifungua mtambo wake, ambao hadi leo una jina la kukopa waziwazi, Rooraa Koosutaa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1955, bustani ya Korakuen katika jiji hilo hilo ilifungua wake na kuuita Jetto Koosutaa. Ndege za jeti zilikuwa ajabu ya zama zile, na mfanyabiashara alitaka watu wausikie mwendo kabla hawajalipa. Umma ulilipenda jina la pili. Mjapani wa kawaida leo husema jettokoosutaa, ingawa Mwingereza na Mmarekani hawauiti hivyo kwa kawaida. Vipande ni vya kigeni, lakini neno ni la Wajapani.

Siwapambi Wajapani. Bustani hiyo hiyo ya Kuwana ina mtambo wenye reli ya mita 2,479, ambao kwa zaidi ya miaka 20 ulikuwa mrefu kuliko yote duniani. Ulifunguliwa mwaka 2000, mwaka wa joka katika kalenda yao. Ijapokuwa wanalo neno ryuu kwa joka, waliuita Suchiiru Doragon, Kiingereza kilichovishwa irabu. Wapo wazee wanaokerwa na mtindo huo kiasi cha kwenda mahakamani: mwaka 2013 mmoja wao alilishtaki shirika la utangazaji la NHK akidai fidia ya yeni 1,410,000 kwa maumivu ya kusikiliza maneno ya kigeni asiyoyaelewa. Kesi ilitupwa.

Nilipokuwa chini ya Suchiiru Doragon nilikumbuka kwamba sisi tulikuwa tumeshalitamka jina hilo, tena kwa lugha zetu. Mapokeo ya Wakikuyu na ya Wanandi yanasimulia juu ya watabiri waliomwona nyoka wa chuma akipita katika nchi kabla reli ya Uganda haijajengwa. Hawakungoja mtu awafundishe neno treni. Hali kadhalika, hakuna kamati iliyolibuni neno matatu. Lilizaliwa na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Wala hakuna profesa aliyekwenda mpakani Busia kuwapa waendesha baiskeli jina la bodaboda.

Kwa upande mwingine tunalo neno tarakilishi. Limeundwa kwa ustadi, nami nalitetea darasani. Hata hivyo kila mwalimu anayesoma makala haya anajua kwamba mwanafunzi huliandika katika mtihani na kusema kompyuta kabla hajavuka lango la shule. Kosa si la neno. Tumemzoesha mwanafunzi kuamini kwamba maneno mapya hushushwa kutoka juu, na kwamba kazi yake ni kuyakariri. Akikutana na kitu kisicho na jina hafikiri kukipa; hungoja, au huazima. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu, nilipoulizwa nilifanya vivyo hivyo: nilipekua kamusi kichwani, nikakosa, nikasema hakuna. Ningaliweza kumpa kijana yule bembea, neno ambalo watoto wa pwani hulipigia kelele kila Idi, nikaliongezea reli, mazungumzo yakaendelea.

Januari mwaka 2024 niliwapelekea swali hilo wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Niliwaeleza mtambo, nikawachorea ubaoni, nikawapa nusu saa na kuwakataza kufungua kamusi yoyote. Walileta bembea ya reli, walileta jokareli, walileta na mengine yasiyochapishika. Mimi nilikuwa na langu mfukoni, nililolitunga kwa kufuata kanuni zote za uambishaji. Nilipolisoma, darasa lilinyamaza kwa adabu.

Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko matatu ya kwenda kwao, akauliza kama mtu aliyemo ndani huwa anajisikiaje vigari vinapofika kileleni na kusita kabla ya kuporomoka. Nilimweleza. "Basi, mwalimu," akasema, "si hiyo ni tumbojoto?"

Darasa zima lilipiga kelele. Sikulazimika kulifafanua wala kuliandika ubaoni. Muhula huo wote, kila nilipotaja Japani, waliniuliza nitapanda tena tumbojoto lini. Lile neno langu hakuna anayelikumbuka, nami sitalitaja hapa.

Sikumwuliza yule kijana wa Kuwana jina lake wala anwani yake. Laiti ningefanya hivyo, ningekwisha kumpelekea barua.