Kabla ya kununua vifaa vya STEM: vijana wa Garissa wanahitaji programa gani?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Moja kati ya njia tatu walizowekewa ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Garissa, Wajir na Mandera nako shule zinatakiwa ziwe na vifaa. Mahali pengine zabuni zitatangazwa, pengine mfadhili ataleta sanduku zuri lenye nembo yake na picha zitapigwa. Mimi nina swali moja dogo la kifundi ambalo naona litaamua kama pesa hizo zitazaa matunda: chipu zitaandikwa kwa kifaa gani?

Nieleze kwa msomaji asiye fundi. Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Ndiyo inayoendesha mita ya tokeni ukutani kwako na mashine ya kufulia. Ikitoka kiwandani huwa tupu, mfano wa daftari jipya. Kalamu yake ndiyo hiyo tunayoiita programa: upande mmoja inaingia kwenye kompyuta, upande wa pili inashika chipu na kuiandikia kazi. Ukikosa kalamu, daftari ni karatasi tu.

Kwa nini mtu wa Pwani nishughulike na kalamu za Garissa? Kwa sababu ya Mto Tana. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo. Mwisho wa Aprili 2024 mashua ilipinduka Kona Punda ikivusha watu, na roho zikapotea. Maji yanayopita Garissa hayaishii Garissa. Huteremka Hola, yakaja Garsen, yakaingia mashamba ya delta kabla ya kumwagika baharini Kipini. Kijana wa Garissa mwenye kipimo cha kina cha mto kinachotuma ujumbe wa simu maji yakipanda, anawapa watu wa Tana River muda wa kuhamisha watoto na mifugo. Hakichukui nafasi ya tahadhari za idara ya hali ya hewa, wala za wasimamizi wa mabwawa ya Masinga na Kiambere, lakini ni jicho la ziada. Vifaa vyake ni sensa ya sauti, modemu yenye laini ya simu, betri, paneli ndogo ya sola na chipu.

Hapo ndipo uchaguzi wa programa unapoingia.

Wengi huanza na bodi ya Arduino Uno, na si vibaya. Mradi wa Arduino ulizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Uno haihitaji programa ya pembeni, kwani chipu yake ya ATmega328P imekwisha kuandikwa programu ndogo ya kupokea kazi kupitia waya wa USB. Darasani inafaa sana. Lakini iweke kando ya mto uone. Uno ikiwa imewashwa tu, haifanyi lolote, hula karibu miliampea 40 hadi 50. Betri ya miliampea-saa 2,000 itaisha kwa takriban siku mbili mawingu yakitanda, na mafuriko huja na mawingu. Chipu ile ile ukiitoa kwenye bodi na kuilaza usingizi mzito, matumizi yake hushuka chini ya maikroampea 10. Modemu na sensa nazo zizimwe mpaka zamu yao ifike. Basi kifaa cha kukaa nje kinataka chipu tupu, na chipu tupu inataka programa.

Programa ya bei nafuu zaidi kwa chipu za aina hii ni USBasp. Mchoro wake uko wazi kwa kila mtu, na huuzwa maduka ya elektroniki ya Nairobi kwa bei ambayo vijana watano wanaweza kuchangishana. Ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kompyuta ya Windows huitaka draiva, kwa hivyo ipakue mapema ukiwa penye intaneti nzuri na uiweke kwenye flashi. Pili, zile za bei rahisi hutoa volti 5 kwenye nyaya za data hata ukiziwekea 3.3, na hiyo yaweza kuunguza modemu iliyounganishwa.

Asiyekuwa na hela ya USBasp, Uno yenyewe yaweza kugeuzwa programa ya kuandikia chipu nyingine. Bodi moja na nyaya sita zinatosha.

PICkit ya kampuni ya Microchip ni chombo kizuri, na mafundi wengi waliopita vyuo vyetu walifundishwa chipu za PIC. Ikiwa mwalimu anazijua PIC, amfuate mwalimu. Lakini PICkit mpya ni ghali mara nyingi kuliko USBasp, na programu yake ni mzigo kwa kompyuta kuukuu na bando la kuhesabu. Raspberry Pi Pico, iliyotoka 2021 kwa dola 4, haihitaji programa kabisa: unaburuta faili kama unayenakili picha. Kwa somo la kwanza naipendekeza.

Na mjihadhari na bandia. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa draiva mpya iliyozizima chipu za kuigiza jina lake, na watu wakabaki na vifaa vilivyokufa bila kujua sababu. Bodi inayotaja wazi kuwa inatumia CH340 ni afadhali kuliko inayojisingizia jina la wenyewe.

Rai yangu kwa klabu ya vijana ishirini ni hii: Uno tano, USBasp mbili, na pesa iliyobaki yote iende kwenye chipu tupu. Bodi ya gharama hufungiwa kabatini kwa hofu ya kuungua, na ufunguo hubaki kwa mwalimu mkuu. Chipu tupu mtoto hupewa akaenda nayo nyumbani, akaiunguza, akapewa nyingine. Huko ndiko kujifunza.

Kwa hivyo wazazi mlio kwenye bodi za shule, Garissa na hata huku kwetu Tana River, Lamu na Kilifi, vifaa vikiletwa msihesabu masanduku peke yake. Muulizeni aliyeleta: chipu hii ikiharibika, mwanangu ataiandika nyingine kwa nini, na bila intaneti ataweza? Akishindwa kujibu, msitie sahihi.