Viporo vinaichosha Ligi Kuu

Naomba nafasi niseme jambo moja kwa Bodi ya Ligi: viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vimezidi. Msimamo ambao mmoja ana mechi mbili au tatu mkononi hausomeki, na timu inayocheza kiporo huingia uwanjani ikijua tayari mpinzani wake kavuna nini. Mfano tunao wote. Machi 8, 2025, pambano la Simba na Yanga liliahirishwa siku ileile ya mchezo, mashabiki wa mikoani wakiwa wameshafika Dar es Salaam. Likaja kuchezwa Juni 25, ubingwa ukiningʼinia juu yake.

Najua nitajibiwa kwamba wakubwa hawa wanaliwakilisha taifa kwenye mashindano ya CAF, wanahitaji muda wa kusafiri na kupumzika. Kweli, lakini kalenda ya CAF hutangazwa mapema, na lile la Machi wala halikuahirishwa kwa sababu hiyo. Wengine watasema bila hao wawili hakuna ligi. Hapo nakataa kabisa. Ligi hii iliyoanza 1965 imewahi kuwapa ubingwa Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986 (tena ikiwa imepanda daraja tu!) na Coastal Union mwaka 1988. Wadogo nao wanalipia hoteli na mabasi, na ratiba ikipanguliwa hakuna anayewarudishia hata shilingi.

Bodi itujibu: kwa nini isiweke kikomo cha viporo kwenye kanuni?

Msomaji wako,
Morogoro